Krambo ya zabibu ya mtu mmoja: anza na bakuli

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mtumishi, nimehamia Dodoma kikazi na naishi peke yangu Nzuguni. Huu mwezi wa nane zabibu zimejaa mtaani, na usiku kibaridi bado kipo, nikatamani krambo: matunda ya moto chini, juu chenga za unga na siagi zilizookwa. Nilipata vipimo vya watu sita kwenye simu nikavigawa kwa sita. Mara ya kwanza nilitumia sufuria yangu ya kawaida, juisi ikaungua na kugandia pembeni. Mara ya pili nikatumia kikombe kirefu cha bati, zabibu zikaelea kwenye maji na chenga zote zikalowa. Oveni sina, nina jiko la gesi la plati mbili na jiko dogo la mkaa. Ni kipimo gani nimekosea? Na ikibaki, naweza kubeba kazini kesho yake?

JIBU: Marahaba mwanangu, na karibu Dodoma. Vipimo vyako havina kosa kubwa. Kilichokuangusha ni chombo, tena mara zote mbili, kila mara kwa upande wake. Anayepikia watu wengi anaanza na unga na sukari, chombo atakitafuta baadaye. Anayejipikia mwenyewe aanze na bakuli, vingine vyote vilifuate.

Tupige hesabu kidogo. Vipimo vya watu sita mara nyingi huandikwa kwa trei ya sentimita 20 kwa 30. Eneo lake ni sentimita za mraba 600, kwa hiyo kila mlaji ana 100 zake. Sufuria yako, kama ni hizi za kawaida zenye upana wa sentimita 22 hivi, ina eneo la kama 380. Umechukua tunda la mtu mmoja ukalitandaza mahali pa karibu watu wanne. Likawa jembamba, maji yakakauka kabla chenga hazijaiva, sukari iliyobaki ikaungua. Kikombe cha bati chenye upana wa sentimita 8 kina eneo la 50 tu. Tunda lile lile likarundikana kina mara mbili, na mvuke ukawa na nusu ya nafasi ya kutokea. Ulipokosa pa kutokea ukazipitia chenga, zikalowa.

Bakuli la duara lenye upana wa sentimita 11 kwa ndani lina eneo la 95. Hilo ndilo lako. Kina chake kiwe sentimita 5 au 6, ili juu ibaki nafasi ya kidole kimoja juisi isimwagike ikichemka. Nenda na rula kwa wauza vyombo pale Majengo, wala usione haya kupima mbele ya muuzaji. Chagua bakuli la udongo zito la supu, au la bati la enameli. La kioo lisiingie kwenye mkaa kabisa, na hata kwenye oveni liingie tu kama limeandikwa kwamba ni la oveni. Yale mabakuli mepesi yenye maua, ya melamini, ni plastiki, yabaki na kazi yake ya mezani.

Kwa sababu kina cha tunda sasa ni kile kile cha trei kubwa, muda nao haugawanywi kwa sita. Hapa wengi hukwama. Joto linapita kutoka juu na chini kwenda katikati, halijui kama pembeni kuna watu sita au mmoja. Trei ikihitaji dakika 35 hadi 40, bakuli lako litahitaji kama 25 hadi 30. Linapungua kidogo kwa sababu chombo ni kidogo na kinawahi kupata moto, basi.

Sasa zabibu. Tunda hili ni maji kwa karibu asilimia 80, na vipimo ulivyovipata huko mtandaoni, naamini, viliandikwa kwa matofaa. Krambo ni chakula cha Waingereza, na wao wana matofaa yao ya kupikia, makali, yenye nyama nzito. Ndiyo maana wanamimina sukari nyingi na hawaweki kitu cha kushika maji. Zabibu ya huku ni kinyume chake: tamu kwa ajili ya jua na ukavu, na ukiipasha moto inaachia juisi yote. Kwa hiyo geuza mambo mawili. Sukari ya kwenye tunda ipunguze hadi kijiko kimoja cha chai, au usiweke kabisa kama zabibu zimeiva hasa. Halafu tafuta kitu kichachu na kitu cha kushika maji.

Dodoma vyote viwili unavipata mahali pamoja: unga wa ubuyu. Nasema ule mweupe wa asili, uliotwangwa na kuchekechwa, sio ule wa rangi nyekundu wa kumumunya. Ubuyu una ukali wake, na una pektini nyingi, kile kile kinachofanya jamu igande. Kijiko kimoja cha chai kwa bakuli lako kinatosha. Viwili vinaanza kuleta ukavu mdomoni. Ongeza na nusu kijiko cha chai cha unga wa muhogo kwa ajili ya wanga. Ukikosa ubuyu, kamulia nusu limao na unga wa muhogo uufikishe kijiko kimoja kamili.

Zabibu unayoiona mtaani sana ni ile nyekundu iliyoiva hadi kukaribia weusi, ya Makutupora. Watu wanaijua kwa mvinyo, lakini kwa kuoka naipenda kuliko zile laini za kutoka nje zinazouzwa kwenye maduka makubwa, maana ngozi yake inatoa rangi na ukakasi kidogo unaozuia utamu usichoshe. Taabu yake ni mbegu. Usizipike nazo. Mbegu nzima haina neno, ila utaitafuna, na ikipasuka inatoa uchungu. Kata kila punje kwa urefu, kutoka kwenye kikonyo kushuka chini, sio kwa kukingama. Ukikata kwa urefu mbegu zinabaki nzima zimelala ndani ya nusu, unazichokoa kwa ncha ya kisu. Kwa familia ya watu wanane kazi hii ni adhabu. Kwa bakuli moja unaimaliza taarifa ya habari ikiwa bado redioni.

Kipimo: zabibu kikombe kimoja cha chai kilichojaa, kama gramu 180 zikiwa bado na mbegu. Robo ya tofaa au nusu ya ndizi mbivu ngumu, iliyokatwa vipande vidogo, ili pawe na kitu cha kutafuna. Zabibu peke yake hunywea sana. Changanya na ubuyu, unga wa muhogo, sukari yako, chembe ya chumvi na punje za iliki moja zilizopondwa. Acha vikae dakika 10. Utaona unga mkavu umekuwa rojo ya zambarau inayong'aa na kushikamana na tunda. Ikiwa bado kuna juisi nyepesi inayotembea chini ya bakuli, nyunyiza muhogo kidogo tena kabla hujaenda mbele.

Chenga ndiyo sehemu ambayo watu hufikiri ni ngumu, na kwa kweli ni rahisi kuliko mandazi. Kwa uzito, unga mara mbili ya siagi, na sukari sawa na siagi. Kwa bakuli lako ni unga gramu 30, siagi gramu 15, sukari gramu 15. Kwa vijiko vya chakula: unga vitatu vya kujaa, siagi kimoja, sukari kimoja. Kijiko kimoja kati ya vile vitatu vya unga naweka uwele au mtama, sio kwa kuonyesha uzalendo bali kwa sababu nafaka hizo hazina ule mnato wa ngano, chenga zinavunjika vizuri mdomoni. Ukizidisha zaidi ya hapo unapata vumbi. Weka na karanga zilizokaangwa, zikatwangwa kwa kuparaza zisiwe unga, kijiko kimoja cha chakula. Na chumvi, tafadhali. Chembe ya chumvi kwenye chenga ina kazi kuliko kijiko kizima cha sukari.

Siagi iwe ya baridi na ngumu, ikatwe vipande, kisha uisugue kwenye unga kwa ncha za vidole, sio kiganja, maana kiganja kina joto. Fanya kazi hiyo asubuhi au usiku. Mchana wa Dodoma siagi inayeyuka mikononi kabla hujaanza. Acha kusugua unapoona mchanganyiko una punje za ukubwa tofauti, nyingine kama mchele, chache kama harage. Punje kubwa zitabaki na cha kutafuna, ndogo zitapata rangi. Ukitumia majarini, soma kopo: iwe na mafuta asilimia 70 kwenda juu. Zile laini za kupaka mkate, nyingine zina maji mengi mno, na ukiziokea unapata ganda la mkate uliolowa. Mafuta ya alizeti pia yanafaa, na huku kwetu na Singida ndiyo yaliyojaa, lakini punguza kidogo, na ukishachanganya nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha maji ya baridi ili chenga zishikane.

Panga chenga juu ya tunda bila kuzikandamiza. Acha tundu dogo mahali pawili patatu karibu na ukingo. Mvuke utatokea hapo.

Tuje kwenye moto. Ulisema una gesi na mkaa. Kwa krambo ya kuokwa hasa, tumia mkaa, kwa sababu mkaa unaweza kuupalia juu. Gesi inatoa moto chini peke yake. Ukifunika sufuria, mvuke unagonga kifuniko cha baridi, unageuka matone, na matone yanazidondokea chenga. Hata ungekaa saa nzima, hazipati rangi, kwa sababu zinapikwa kwa mvuke, na mvuke wa maji hauzidi joto la kuchemka. Chenga zinahitaji joto kavu la nyuzi 180 hivi. (Wapo wanaolaumu mwinuko wa Dodoma. Ni kweli tuko kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari na maji huchemka kwa nyuzi kama 96, lakini kwa tunda laini hiyo ni tofauti ya dakika moja mbili tu.)

Chukua sufuria nzito kuliko ulizonazo, yenye kifuniko bapa cha bati au alumini kisicho na kishikio cha plastiki. Tandaza mchanga mkavu safi chini, unene wa kidole, au weka vijiwe vitatu vya kubebea bakuli. Bakuli lisiguse chini moja kwa moja. Kosa hilo peke yake linatosha kuunguza juisi. Washa mkaa, subiri uive wote mpaka uvae majivu meupe, ndipo upashe sufuria tupu, imefunikwa, dakika 10. Ingiza bakuli, funika, kisha gawa moto: theluthi moja ibaki chini, theluthi mbili zipande juu ya kifuniko. Watu wengi wanafanya kinyume. Tunda halidai moto mwingi, linalodai ni paa.

Usifunue kabla ya dakika 15. Ukifunua, inua kifuniko pamoja na makaa yake kwa koleo, wima, majivu yasiingie. Chungulia pembeni ya bakuli, pale ulipoacha matundu. Mwanzoni juisi inatoa mapovu madogo, mepesi, yanayopasuka harakaharaka na kuacha alama ya waridi kwenye chenga. Hapo bado. Baada ya muda mapovu yanakuwa makubwa, mazito, yanapanda polepole, yanakaa kidogo, yanapasuka kwa mlio mzito. Wanga umeshika na pektini imefanya kazi. Kama chenga nazo zina rangi ya karanga iliyokaangwa, toa. Kama mapovu yako tayari na chenga bado ni nyeupe, punguza moto wa chini wote na uongeze makaa juu kwa dakika 5. Kama chenga zinawahi, fanya kinyume.

Upepo wa Dodoma ni msaidizi mwenye kiherehere. Jiko likikaa mahali pa wazi mkaa unawaka upande mmoja kwa nguvu na kwisha upesi, kwa hiyo likinge kwa bati au tofali, na ulizungushe bakuli nusu duara unapochungulia. Lakini usije ukakimbilia kuingiza jiko chumbani kwa sababu ya baridi. Mkaa unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na inaua watu waliolala milango imefungwa. Barazani panatosha, vaa sweta.

Siku ambayo huna hamu ya mkaa, kuna njia ya gesi, na siioni kama njia ya pili kwa heshima. Usioke, pika viwili mbalimbali. Tunda liweke kwenye kisufuria kidogo na vijiko viwili vya maji, moto mdogo, dakika 7 au 8 mpaka mapovu yawe mazito. Chenga zitie kwenye kikaango kikavu, moto mdogo sana, ukizigeuza kwa mwiko taratibu mpaka zipate rangi na jikoni kunukie karanga. Zitoe mara moja, kwani kikaango kinaendelea kuzipika hata gesi ikiwa imezimwa. Tunda kwenye bakuli, chenga juu, unakula. Utakachokosa ni ule mpaka wa katikati ambapo chenga zimekunywa juisi na kuwa nusu biskuti nusu jamu. Mimi ule mpaka ndio ninaoufuata, ndiyo maana nakusumbua na mkaa. Mwenzangu mwingine angekwambia njia ya kikaango inamtosha, na asingekudanganya.

Kuhusu kupima gramu 15 za siagi kila unapopata hamu: usifanye. Tengeneza chenga za mabakuli sita kwa mara moja, vile vile vipimo vya simu vilivyotaka, zifunge mbichi kwenye mfuko na uziweke kwenye friza. Zinakaa mwezi bila tatizo. Unachota ngumi moja, unanyunyiza zikiwa zimeganda hivyohivyo, na zitaokwa vizuri zaidi kwa kuwa siagi ni baridi. Huna friji? Changanya vikavu peke yake, unga, sukari na chumvi, uvifunge kwenye kopo lisiloingiza wadudu. Karanga na siagi viingie siku ya kupika.

Zabibu huvunwa huku mara mbili kwa mwaka, mwezi wa pili na wa tatu, kisha wa nane na wa tisa, kwa hiyo katikati yake utahitaji kitu kingine. Embe mwishoni mwa mwaka ni zuri sana likiwa halijaiva kulegea. Lipunguzie ubuyu, liongezee tangawizi. Pera nalipenda, ila toa kokwa zote. Papai limepooza ladha mpaka ulipe limao. Tikiti usijaribu, ni maji yaliyopakwa rangi. Parachichi likipata moto huwa chungu. Zabibu kavu ziloweke kwenye chai ya rangi usiku kucha na uzichanganye na tofaa.

Ikitoka jikoni, iache dakika 10. Juisi ya zabibu inashika joto kali na itakuunguza ulimi, na pia rojo huzidi kukaza inapopoa kidogo. Juu yake mimina mtindi wa baridi, ule mzito usio na sukari. Watu wa kastadi nawaheshimu, lakini kupika kastadi ya kijiko kimoja ni kujitafutia vyombo vya kuosha.

Na kazini? Beba, lakini sio ikiwa imeunganishwa. Usiku mzima kwenye friji chenga hunywa juisi yote na asubuhi hakuna cha kutafuna. Ukijua mapema kwamba utabeba, pika kwa ile njia ya kikaango: tunda liweke kwenye chombo cha mfuniko, chenga zikishapoa kabisa zifunge kwenye kimfuko chake. Kama ofisini kuna maikrowevu, pasha tunda peke yake dakika moja, kisha ndipo umwage chenga. Zikipashwa humo zinalegea. Kama hakuna, tia tunda la moto kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana unapotoka nyumbani. Mpaka saa nne litakuwa bado lina joto la kutosha.